Bastola ya Mtani Wangu

Kwenye sefu iliyokazwa ukutani kwa bolti, nyumbani kwangu Mount Druitt, hapa Sydney, kuna bastola ambayo siipendi. Si mbovu. Ni ya chuma kitupu, nyeusi, imeundwa vizuri, na ukiishika huku umefumba macho utaapa umeshika ile kubwa wanayovaa kiunoni walinzi wa magari ya fedha. Lakini inatumia risasi ndogo, zile ambazo huku wanaziita twenti-tuu, nyembamba kuliko kidole cha mtoto. Ni bastola ya mazoezi. Wenzangu klabuni huniuliza kwa nini nilijitwisha kitu kizito namna hii wakati nyepesi zimejaa madukani, nami huwajibu kwamba nimezaliwa Tabora, sisi tumezoea mizigo. Wanacheka kwa adabu, kisha wanaendelea na mambo yao.

Aliyeichagua si mimi. Ni mtani wangu, na mtani wangu ameshakufa.

Kwa asiyejua mambo ya kwetu, nieleze kidogo. Mimi ni Mnyamwezi, yeye alikuwa Mzaramo, na makabila haya mawili ni watani tangu enzi zile mababu zangu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo kichwani, wakipita kwao. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako na huna haki ya kununa. Anaweza kuingia kwako, akafunua sufuria na kula, na mkeo akamwongezea. Na siku ukifiwa, mtani ndiye anayekuja kufanya kazi. Anachimba, anabeba, na katikati ya kilio anamtania marehemu mpaka waliofiwa wacheke wakiwa na machozi usoni. Kule nyumbani hakuna anayeshangaa. Hapa Sydney ukifanya hivyo utaitiwa polisi.

Tulikutana kwenye harusi ya Watanzania, Bankstown, ukumbini, kwenye foleni ya pilau. Mbele yangu alisimama mzee mrefu mwenye kofia ya viua, amenyooka kama mlingoti. Akageuka akaniuliza kwetu wapi. Nilipomwambia Tabora, akanitazama kuanzia viatu mpaka utosini, halafu akanikabidhi sahani yake.

"Beba," akasema. "Kubeba ni kazi yenu."

Nikaibeba mpaka mezani kwake, na njiani nikamaliza nyama yote. Alipoiona sahani ina wali mtupu alicheka mpaka akashika meza. Tangu siku hiyo hatukuachana.

Alikuwa amefanya kazi miaka mingi ya ulinzi kwenye magari ya fedha, na bastola kiunoni ilikuwa kama mkanda kwake. Alipostaafu hakuiacha shabaha. Kila Jumamosi alikwenda kwenye klabu moja huko nje ya mji, nyuma ya miti ya mikalitusi, penye paa la bati, meza za mbao na karatasi za shabaha zilizotundikwa mbele ya tuta la udongo. Akanishawishi nami nijiunge. Nikasoma masomo yao ya usalama, nikasubiri leseni, nikajifunza kusimama. Na kila Jumamosi mimi ndiye niliyebeba mkoba wake kutoka kwenye gari, naye akitembea mbele mikono mitupu, akiwaambia Wazungu kwa Kiingereza chake kwamba huyu nyuma ni mpagazi wake, kazi aliyorithi kwa babu yake.

Nilimwacha ajidai, na nilikuwa na sababu. Mzee yule mahali pengine popote katika mji huu alikuwa hasikilizwi. Dukani walimsemesha polepole kama kiziwi. Kwenye simu za ofisi walimrudisha mwanzo wa foleni. Hata nyumbani kwake, binti yake, aliyekulia hapa na ni nesi katika hospitali ya Westmead, alimpenda kupita kiasi lakini alimjibu kwa Kiingereza kila alichoulizwa kwa Kiswahili, na mzee akawa anachoka kuuliza. Pale klabuni ilikuwa kinyume. Alipoinua ile bastola yake kubwa, watu walinyamaza. Vijana walisimama nyuma yake kutazama miguu yake ilivyojikita ardhini. Msimamizi wa uwanja, Mzungu mwenye sauti ya kutisha, alimwita mwalimu.

Ugonjwa ulianza na vifungo vya kanzu. Ilikuwa Idi, nami Mkristo nimekwenda kula biriani bila kualikwa kama ilivyo haki yangu. Nikamkuta chumbani anahangaika na kifungo cha shingo, vidole vinateleza. Nikamfunga, nikamwambia Wazaramo mmezoea kufunguliwa vifungo tu, kufunga hamjui. Akacheka. Mimi na yeye hatukujua bado.

Kisha funguo zikaanza kumdondoka. Kisha ile bastola kubwa ikaanza kumpiga teke. Kila risasi ilipotoka, mtutu uliruka juu na mkono ukachelewa kuushusha. Ile sehemu ya juu inayovutwa nyuma ili risasi iingie ikamshinda, ikabidi niivute mimi. Hospitalini Westmead walimpima kwa majuma, na mwishowe daktari akawakalisha yeye, mkewe na binti yake. Mishipa inayopeleka habari kutoka kwenye ubongo hadi kwenye misuli inakufa, akasema. Hakuna dawa. Imeanza mikononi, itapanda, itafika kwenye kumeza, na mwisho kwenye pumzi. Shemeji yangu, yaani mke wa mtani, ndiye aliyenisimulia, jikoni, huku anakuna nazi. Hakuacha kukuna mpaka nazi ikaisha, akaendelea kukuna kifuu.

Mimi nilishikwa na woga. Niliingia sebuleni nikamkuta amekaa kwenye kochi, mikono juu ya mapaja, nami nikainama nikasema, "Shikamoo mzee. Pole sana."

Hakuitika.

"Kumbe nimeshakufa?" akasema. "Mnyamwezi akiniamkia kwa heshima, ujue sanda imeshanunuliwa."

"Mzee, mimi..."

"Usiniite mzee. Kaa chini, mla michembe we, mla viazi vikavu." Nikakaa. Akashusha sauti ili mkewe asisikie. "Sikiliza. Mke wangu atanihurumia. Binti yangu atanificha. Daktari atanisomea Kiingereza. Wale wa klabuni wana adabu, wataniacha nishike silaha mpaka nimjeruhi mtu. Nani ataniambia ukweli?"

Nikaitazama mikono yake juu ya mapaja.

"Nataka kupiga shindano la mwisho wa mwaka," akasema. "Moja tu. Nimepiga kila mwaka tangu nijiunge, na hili nalo nalitaka. Lakini siku mkono wangu ukishindwa kushika, siku mtutu ukianguka bila mimi kuutuma, wewe ndiye utakayeniambia niweke chini. Hata kama ni siku moja kabla ya shindano. Wewe mtani. Kwako sitakasirika."

Nilimwahidi. Nilikuwa tayari kuahidi chochote ili nitoke kwenye kile chumba. Niliposimama nikamwambia hata mkono ukishindwa, mdomo wa Mzaramo utapiga shabaha peke yake, na yeye akaniambia sasa umerudi.

Klabu ilijulishwa, daktari alijulishwa. Waliafikiana kwamba anaweza kupiga madhali ameketi mezani, mimi nimesimama begani kwake, na bastola isiwe ile kubwa. Basi ikabidi itafutwe ndogo. Bastola hizi za risasi ndogo hazina teke, na sehemu yake ya juu huvutika kirahisi. Kibali kingeombwa kwa jina langu, kwa kuwa yeye asingepewa kingine, na mimi sikuwa na bastola yangu, nilikuwa naazima za klabu. Nikamwambia atachagua yeye.

Tukaanza kuzunguka madukani, yeye mbele, mimi nyuma. Duka la kwanza walituletea ndogo nyepesi, nusu plastiki. Kwa macho ilifanana na ile yake kubwa, umbo lile lile, nembo tu tofauti. Akaiweka kiganjani, akaipima, akanirudishia.

"Mpelekee mwanao acheze."

"Mtani, ni nyepesi. Utaiinua muda mrefu."

"Ndiyo maana siitaki," akasema, akatoka nje.

Kwingine tulionyeshwa bastola ya mashindano, mpini wake wa mbao umechongwa kufuata vidole, unauzunguka mkono wote. Ilipiga vizuri mno, kila mtu alisema hivyo. Yeye akasema hii inakushika wewe, si wewe unayeishika, na mkono wake haujafika hapo bado. Mwanachama mmoja klabuni alikuwa na kifaa cha kubadilisha: unaitoa sehemu ya juu ya bastola yako kubwa pamoja na mtutu wake, unaweka nyingine ya risasi ndogo, mpini na triga ya kufyatulia vinabaki vile vile. Hilo lilimpendeza mtani. Tukakijaribu. Sehemu ile ya juu ilikuwa nyepesi mno, ikawa inakwama, ganda la risasi halitoki, na kila ilipokwama ilibidi mikono yangu iingie kati. Baada ya mara kadhaa akasema, "Sitaki kulishwa."

Hapo tukagombana. Tulikuwa ndani ya gari, kwenye maegesho ya kituo cha treni, mvua inanyesha. Nilimwambia waziwazi kwamba mimi simwelewi. Mkono unaishiwa nguvu, chukua kile utakachoweza kukiinua kwa muda mrefu zaidi. Utafika kwenye shindano na utalipita. Hata mtoto anaelewa hilo.

Siku hizo maneno yalikuwa yameanza kumchelewa.

"Hiyo nyepesi itanidanganya," akasema. "Mkono utakuwa umeshakufa, nami bado naiinua, nadhani mzima. Na wewe utadanganyika pamoja nami, maana ndivyo unavyotaka. Mimi nimebeba ile kubwa karibu maisha yangu yote. Mkono wangu unaijua. Nikishindwa, nataka nishindwe na kitu cha kweli."

Nikawasha gari. Sikumtania njia nzima, na yeye hakulalamika.

Tuliipata kwenye duka dogo la mzee mmoja wa Kizungu mwenye ndevu nyeupe, mtaratibu, anayefuta kila kitu kwa kitambaa kabla ya kukuonyesha. Mtani alimweleza anachotaka: mwili wa ile kubwa, roho ya ndogo. Mzee yule hakucheka. Aliingia nyuma akarudi na bastola ya chuma kitupu, mtutu wake mrefu kama sheria inavyodai. Akatoa magazini, kile kisanduku cha risasi, akavuta sehemu ya juu, akatuonyesha kwamba ni tupu, akamkabidhi mtani.

Nilijua kabla hajasema. Uso wake ulitulia. Mkono ulishuka kidogo kwa uzito, ukasimama. Kidole gumba kikatafuta kitufe cha usalama, kikakikuta mahali kilipokuwa kwenye ile nyingine miaka yote. Kikatafuta cha kuachia magazini, nacho kikawepo. Akavuta sehemu ya juu kwa vidole vya mkono wa kushoto, polepole, na ikakubali.

"Nishike bega," akaniambia.

Nikamshika. Akaelekeza bastola kwenye ukuta ambao mwenye duka aliuruhusu, akafumba macho, akaishusha, akaiinua tena bila kuona. Akafumbua. Ile alama ya mbele ilikuwa imekaa katikati ya mfereji wa nyuma, sawasawa. Akarudia. Ikaja tena. Akarudia mara ya tatu, na mkono ukatetemeka, lakini alama ikaja.

"Inakuja yenyewe," akasema. Alisema kwa Kiswahili, lakini mwenye duka aliitika kwa kichwa.

Yule mzee alituonya jambo moja. Risasi hizi ndogo, pini inayozilipua haizipigi katikati ya kitako kama zile kubwa, inazipiga ukingoni, kwa hiyo ukivuta triga bila risasi ndani, pini inaweza kugonga chuma na kukiharibu. Hapo mtani alikunja uso, kwa sababu maisha yake yote mazoezi yake yalikuwa hayo, kufyatua tupu, kila siku, ili kidole kisisahau.

"Basi nayo ina masharti kama mgonjwa," akasema. "Tutaelewana."

Kibali cha kuichukua kilichelewa kama vibali vinavyochelewa. Kila juma nilimkuta amepunguka mahali. Shati likawa kubwa, kijiko kikawekewa mpini mnene, kiti cha bafuni kikaletwa. Siku moja nilimpeleka kliniki, na binti yake akatoka wodini akiwa na sare yake, akanisimamisha nje penye magari. Akaniuliza kwa Kiingereza, Anko, unamfanyia nini baba yangu? Anatakiwa kupumzika. Mnamtania, mnamcheka, sasa mnamnunulia bunduki. Huyu ni mtu anayekufa, hulioni?

Utani hauna Kiingereza. Nilimwambia kwa Kiswahili kwamba baba yake ndiye aliyetaka. Alinielewa, najua alinielewa. Akafuta macho kwa mkono wa sare akarudi kazini, nami nikabaki pale nikiona aibu kwa jambo ambalo sikujutia.

Jumamosi ya kwanza na bastola mpya, nilibeba mkoba na kiti na mto wa kiti. Aliketi. Nilijaza magazini, nikaiweka mezani, akaiingiza mwenyewe. Akainua. Kwa muda alikuwa yule yule, bega lile, shingo ile. Akafyatua, na mlio ukawa mdogo kama mtu amevunja kijiti. Mwili wake wote ulikuwa umejiandaa kwa teke, na teke halikuja. Aliitazama bastola kama mtu aliyesalimia na hakuitikiwa.

"Mkono unajua kila kitu isipokuwa mwisho wake," akasema.

Lakini alipiga. Tulipoileta karatasi, matundu yalikuwa yamejikusanya mahali ambapo sahani ya kikombe ingeyafunika. Vijana wakaja kutazama. Msimamizi akasema vizuri, mwalimu, na sauti yake ya kutisha haikuwa ya kutisha. Nikamwambia mtani ningekuwa mimi ningeona haya, mzee mzima kupiga karatasi isiyokimbia. Akaniambia kabebe viti.

Jumamosi zile nilizipenda. Nasema bila kuficha, nilikuwa na furaha, nikaanza kuamini kwamba tutafika. Shindano lilikuwa Desemba, na joto lilikuwa limeanza, mikalitusi inanukia, nzi wanatusumbua usoni. Alipunguza risasi, akapumzika katikati, nikawa namshikia kiwiko mpaka akae sawa. Shemeji alishanunua kitambaa cha kumshonea kanzu ya siku hiyo, isiyokuwa na vifungo.

Jumamosi ya kabla ya shindano, aliinua kama kawaida. Nilikuwa begani kwake, nasikia pumzi yake. Akapiga ya kwanza, vizuri. Akapiga ya pili. Kabla ya ya tatu niliuona mtutu ukishuka. Haukutetemeka wala haukuyumba. Ulishuka taratibu mpaka ukagusa mbao za meza, kidole kikiwa pembeni ya triga, na uso wake bado ukiangalia karatasi. Hakuwa ameshusha yeye. Msimamizi alikuwa upande wa pili anasema na watu, hakuona. Mtu mwingine yeyote hakuona. Akakusanya nguvu, akainua tena, mtutu ukarudi juu.

Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Juma moja tu, nikawaza. Kanzu imeshashonwa. Na mdomo wangu, ambao ulikuwa umemtukana mzee yule mbele ya mkewe na mbele ya wageni, haukutaka kufunguka. Nilichungulia uso wake kwa pembeni. Alikuwa hatazami tena karatasi. Alikuwa ananisubiri.

"Mzaramo," nikasema. "Umechoka. Lete hiyo. Kubeba ni kazi yetu."

Alitoa magazini, ikamchukua muda, sikumsaidia. Akavuta sehemu ya juu ili ibaki wazi, nayo ikamchukua muda. Akahakikisha kwa macho kwamba haina kitu, kama alivyonifundisha. Kisha akaiweka kiganjani mwangu, akanifunga vidole vyangu juu yake kwa vidole vyake vilivyokuwa baridi.

"Nilidhani hutasema," akasema. "Beba."

Siku ya shindano alivaa ile kanzu akaja kutazama. Aliketi kwenye kiti chake nyuma ya mstari, na mimi nikapiga kwa ile bastola, nikapiga vibaya sana. Nilijua ananitukana kimoyomoyo, maana sauti yake ilikuwa imebaki kidogo sana, naye aliitunza kwa ajili ya mkewe.

Alifariki majira ya baridi yaliyofuata. Asubuhi ya maziko nilifika kwao mapema, nikaingia chumbani kwake bila kubisha, nikachukua kofia yake ya viua nikaivaa, kama mtani anavyopaswa. Ilinipwaya mpaka masikioni. Shemeji aliponiona alishika kizingiti cha mlango, akatikisa kichwa, na midomo yake ikacheka kidogo. Binti yake aliniona pia, akageuza uso.

Msikitini nilisubiri nje wakati wakimswalia, nikilinda viatu vya watu. Makaburini wanaume walipokezana jeneza, kila mtu hatua chache, bega kwa bega, watu wa kila taifa la Mungu ambao hawakumjua ila kwa dini yake. Mimi sikupokezana. Mtu alipogusa bega langu nilitikisa kichwa, nikaendelea. Nilikuwa nimejiandaa kwa uzito. Usiku kucha nilikuwa nimejiandaa. Na jeneza lilikaa begani pangu kama halina mtu.

Wakamshusha. Wakarushia udongo, nami nikarushia, nikachukua sepetu nikachimba na kumwaga mpaka mgongo ukauma. Dua ikasomwa. Kisha pakawa kimya, na nikajua hiyo ndiyo nafasi yangu. Wanawake walikuwa wamesimama mbali, karibu na magari, kwa hiyo ilibidi nipaze sauti.

"We Mzaramo!" nikasema, nimesimama ukingoni na kofia yake imenifunika masikio. "Miaka yote umenitukana kwamba mimi mpagazi. Leo nimekubeba kutoka msikitini mpaka hapa, na huna hata uzito wa kunitoa jasho! Mvivu mpaka mwisho!"

Watu waliduwaa. Mzee mmoja wa msikitini, mwenye ndevu, akapiga hatua kunijia, mkono wake mbele kama wa kumzuia mlevi. Kule kwenye magari nilimwona binti yake amefunika mdomo, nikamsikia akimuuliza mama yake kwa Kiingereza nimesema nini, kwa nini nimesema vile.

"Anamlilia baba yako," shemeji akamjibu. Halafu akapaza sauti, na sauti yake ikapita juu ya vichwa vya wanaume wote wale. "Mtani! Sikusikia. Rudia."

Yule mzee wa msikitini akasimama. Nikageukia kaburi, nikaanza upya, We Mzaramo, miaka yote, na nikafika pale kwenye uzito, nikashindwa.